Huyu Ni Wetu

Kwanza mjue jambo moja: visiwa vyetu vyote hivi, hakuna anayeijua boti ya injini kama mimi. Shule niliikimbia darasa la sita, mwalimu wa hesabu alikuwa hanipendi na mimi nilikuwa simpendi zaidi. Lakini nipe boti ya faiba, nipe injini inayokohoa, nipe mawimbi ya kuwaliza wanaume wenye ndevu, halafu kaa pembeni utazame. Wengine mnaosoma hapa mkipanda kivuko tu mnatapika. Najua. Mmojawapo ni wewe.

Basi jioni ile sikuwa naenda vitani. Nilikuwa namfuata dada yangu.

Ulikuwa wakati ule wa ugonjwa, safari zote zimefungwa. Mbele ya gati la kisiwa chetu ilivutwa kamba yenye maboya, na mgeni haruhusiwi kuivuka. Anayerudi nyumbani tu. Na hata huyo, sharti mtu wa nyumba yake aseme kwa sauti mbele ya mlinzi: huyu ni wetu. Ukishasema, mzigo wenu. Mnamfungia ndani, mnamlisha, akiugua mnaugua naye. Kila nyumba ilipewa nafasi ya kumrudisha mtu mmoja, na jua likizama kamba inafungwa.

Mama alikuwa kitandani, pumzi inaingia kwa shida. Hakuomba dawa wala daktari. Alimtaka binti yake amshike mkono, basi. Mimi nimekaa naye miezi, nambeba mpaka bafuni, lakini ananitazama kama ndoo. Haya.

Nilifika kisiwa kikubwa jua limeshainama. Ufukweni hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja, barakoa usoni, mtandio kichwani, amesimama pale pale nilipokubaliana na dada kukutana. Nikamwambia apande haraka kabla doria haijatuona. Akapanda. Hakusalimia.

Nikaanza kumchokoza kama kawaida yetu. Nikamwambia amenenepa mpaka boti inalalia upande wake, na kwamba hiyo barakoa imemsaidia sana usoni. Dada yangu hajawahi kuacha tusi lipite bila kulipiga teke. Ulimi wake unaweza kumenya viazi.

Huyu alikaa kimya, mgongo umenyooka.

Kisha akafungua mdomo taratibu, kama mtu anayejaribu meno mapya.

"Mama bado ananisubiri?"

Nikamjibu ndiyo. Baada ya kitambo akauliza tena. Maneno yale yale. Sauti ile ile, haikupanda wala kushuka...

Hapo harufu ikanijia. Siyo samaki, siyo petroli. Harufu ya shuka la mgonjwa lililofungiwa chumbani. Na upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake.

Nikaitazama barakoa yake. Kitambaa kikilowa maji ya chumvi kinanata usoni, ukivuta pumzi kinaingia, ukitoa kinatoka. Yangu ilikuwa inapiga kama moyo wa chura. Yake...

Haikusogea.

Wengine mngeruka majini. Mimi nikamtega. Nikamwuliza kama anakumbuka siku baba alipozama. Baba hakuzama popote, alifia nyumbani kwa tumbo, na dada siku hiyo alikuwa mbali, kwenye kazi yake ya kushona.

"Baba hakuzama," akasema. "Alifia kitandani, mdomo wazi. Wewe ulikuwa umelala mkekani. Mimi nilikaa miguuni pake."

Mpini wa injini ukawa barafu mkononi mwangu. Ni kweli nililala mkekani. Lakini chumba kile kilikuwa na watu wawili tu, mimi na baba.

Kurudi? Jua lilikuwa limebaki ukucha. Nikirudi, kamba imefungwa, nafasi yetu imepotea, na mama hafiki asubuhi. Nikajiambia: we si mjanja? Fika kwanza, mengine utayajua huko huko.

Gatini alikuwepo mlinzi tuliyemwita Bastola, kwa sababu ya ile mashine yake ya kupima joto la paji la uso. Akamwelekezea. Mashine ikalia, kioo kikabaki kitupu. Akaitikisa, akanipima mimi, namba ikatokea. Akampima tena yule. Kitupu. Akalaumu betri. Mtu akiogopa, betri ndiyo ina makosa.

Akanigeukia. "Wa kwenu?"

Nyuma ya sikio langu, karibu mno, bila hata joto la pumzi:

"Nisemee."

Mngefanyaje? Haya, semeni. Nikikataa, boti inachukuliwa, mimi nalazwa kwenye hema la karantini, na mama anakufa macho mlangoni.

"Huyu ni wetu," nikasema.

Bega langu likaachiwa. Sikuwa nimejua kwamba lilikuwa limeshikwa.

Nyumbani akavua barakoa sebuleni. Sura ya dada. Pua, kidevu, kila kitu, ila laini mno, kama kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa na maji. Nikatafuta kovu la kwenye nyusi, lile nililomwachia kwa jiwe tukiwa wadogo. Halikuwepo. Nikaendelea kutazama...

Likatokea. Polepole, kama ufa kwenye sahani.

"Kuna lingine?" akaninong'oneza.

Mama alipomwona alilia kwa furaha. Akashikwa mkono. Na ile pumzi iliyokuwa inakwaruza siku zote zile ikatulia pale pale. Mimi nilisimama mlangoni na panga. Naapa, nilikuwa nalo. Yule akanitazama juu ya kichwa cha mama, mpole kabisa.

"Kata," akasema. "Lakini mkono huu ukiachia, na pumzi inaachia."

Nikaliweka panga chini.

Asubuhi Bastola akaja dirishani. Akasema nje ya kamba kuna boti yenye mwanamke anayedai ni mtoto wa mama yangu, niende niseme yupi ndiye wetu. Njiani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siyo sisi peke yetu. Kuna nyumba nyingine pia zimejiwa na watu wakilia kwamba ndio wenyewe, wakati nafasi imeshajazwa. Nikamwuliza imejazwa na nani. Akaongeza mwendo.

Yule mwanamke alikuwa amesimama kwenye boti, analia na kunitukana kwa mkupuo mmoja. Alikwama kwenye foleni ya vipimo. Alipofika ufukweni aliniona naondoka, akaniita mpaka sauti ikakatika. Akaniita punda wa majini, akaniuliza nilikuwa nimempakia nani. Matusi matamu, yamemenywa vizuri. Moyo wangu ukaruka kumwelekea.

"Mama yu hai?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi sema, mdogo wangu. Nimwone tu. Sema."

Nyuma yangu, juu kidogo ya gati, dirisha la mama lilikuwa wazi. Nikamsikia anacheka. Mama, ambaye juzi hakuweza kumaliza neno moja.

Bastola akauliza kama ni wa kwetu.

Mwanamke akavua barakoa ili nimwone vizuri. Nikamtazama. Nilikuwa nimeshajipanga kudanganya kwa ajili ya mama, na kumwomba dada msamaha kimoyomoyo. Haikunilazimu kudanganya. Uso ule sikuwahi kuuona maishani mwangu.

"Simjui," nikasema.

Boti yake ikageuzwa. Alipiga kelele mpaka akawa nukta. Alikuwa anataja jina langu la utotoni, lile ambalo nje ya nyumba yetu hakuna anayelijua.

Safari zimefunguliwa siku nyingi sasa, watu wanakwenda na kurudi. Mama yupo. Hali, hanywi, hanenepi, hakondi, hatoki kitandani. Mkono umeshikwa. Jana nilipompelekea maji ya kumfuta uso alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia yule aliyekaa naye.

"Mwanangu," akamwuliza, "huyu kijana ni nani?"

Mpaka sasa hajamjibu.