Machela ya Babu Askari

Kila asubuhi Kasuku alifagia ua, akachota maji, kisha akamchemshia Bibi chai. Kasuku halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo nyumbani na shuleni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi ile alifagia kimya, mpaka Bibi akauliza kutoka jikoni, "We mjukuu wangu, leo umemeza ufagio?"

"Hamna kitu, Bibi."

Kitu kilikuwapo. Wiki iliyotangulia, wanafunzi wa darasa lake walikuwa wakitambiana kuhusu wazee wao, kila mmoja akivutia kwake. Kasuku alijua tu kwamba baba yake Bibi, ambaye ukoo mzima ulimwita Babu Askari, aliwahi kwenda vitani. Hakutaka kuachwa nyuma, akatunga: "Babu yetu aliangusha ndege ya adui kwa risasi moja!" Wenzake walipiga makofi. Mwalimu wa historia akamchagua asimulie kisa hicho mbele ya shule nzima, siku ya kuwakumbuka askari wa zamani.

Habari zikafika nyumbani. Bibi alipomwuliza ameyajulia wapi, Kasuku alijibu kwa sauti ndogo, "Shuleni." Bibi akatokwa na machozi ya furaha. "Baba hakunisimulia chochote. Kila nikimwuliza, alisema tu, 'Yaliyopita si ndwele.'" Papo hapo akamwomba Baba Mdogo, ambaye alikuwa mwashi, alijenge upya kaburi la Babu Askari lililokuwa limetitia, na juu ya saruji aandike habari za ile ndege. Kazi yenyewe ilikuwa leo.

"Bibi," Kasuku akauliza akiweka ufagio chini, "hakuna mtu anayejua habari za Babu huko vitani?"

"Wenzake wote wametangulia. Labda mshonaji wa sokoni. Marehemu baba yake alikuwa haachi kuja kumsalimu baba. Nenda kamsikilize, utuongezee maneno ya kuandika."

Kasuku alikwenda akiomba moyoni mshonaji aitaje ndege, hata kama ilianguka yenyewe.

Alimkuta mzee huyo, miwani yake imefungwa kwa uzi, akipunguza suruali.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta nguo?"

"Nimeleta swali. Ni kweli Babu Askari aliangusha ndege?"

Mshonaji alicheka mpaka miwani ikateleza puani. "Ndege! Hakuwa hata na bunduki! Alikuwa mbeba machela. Kazi yake ilikuwa kuwatoa majeruhi."

Kasuku aliinamisha kichwa. "Basi hakupigana."

Mzee akaacha kucheka, akasimamisha cherehani. "Kaa hapo. Baba yangu alipigwa risasi ya paja, akaanguka kwenye tope karibu na maadui. Wenye bunduki walirudi nyuma. Babu yako na mwenzake wakaingia na machela yao. Njiani mwenzake akapigwa, akafa. Babu yako akaiacha machela, akambeba baba mgongoni, risasi zikivuma kama nyuki. Baba akamwambia, 'Niache, utakufa bure.' Akamjibu, 'Nyamaza, unanizidishia uzito.'"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. "Baba alichechemea maisha yake yote. Lakini alirudi, akaoa, akanizaa mimi."

"Walipokutana kwetu, walizungumza nini?"

"Mvua, mashamba, watoto. Vita hawakuvigusa. Yule mwenzake aliyefia njiani hakumtoka babu yako moyoni."

Kasuku aliaga, akatoka mbio. Nyuma ya nyumba, penye kaburi, Baba Mdogo alikuwa ameshalainisha saruji mbichi, msumari mkononi. Bibi alikaa kwenye kigoda kando yake.

"Umewahi!" alisema Baba Mdogo. "Naanzia na ile ndege."

"Usiandike, Baba Mdogo! Hakuna ndege." Kasuku alihema. "Bibi, niliitunga mimi. Na niliposema nimeyajulia shuleni, huo pia ulikuwa uongo."

Baba Mdogo alishusha msumari.

"Nimewaambia majirani wote," Bibi alisema taratibu. "Umenitia aibu, mjukuu wangu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Lakini Jumatatu utamwambia mwalimu kwa kinywa hicho hicho. Haya, mshonaji kasemaje?"

Kasuku alisimulia yote. Alipofika kwenye "unanizidishia uzito," Bibi alijifunika uso kwa kitambaa, akicheka na kulia kwa pamoja. "Huyo ndiye baba! Ndivyo alivyokuwa akisema!"

Baba Mdogo aliinama, akaandika kwa herufi kubwa: ALIBEBA WENZAKE.

Jumatatu, mwalimu alimkaripia Kasuku, kisha akamwambia asimame siku ile ile aliyopangiwa na aanze na uongo wake. Siku hiyo ilipofika, alianza hivyo, na baadhi ya wanafunzi wakamcheka. Alipofika mahali machela ilipoachwa kwenye tope, hakuna aliyekohoa. Mshonaji, aliyealikwa na Bibi, aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha mbele, akabaki amesimama mpaka kisa kikaisha.

Wakati wa kurudi nyumbani, Bibi alimshika Kasuku mkono.

"Bibi, bado una hasira?"

"Zimepoa. Lakini lishike neno hili. Ukimsifu mtu kwa jambo asilolifanya, umemsifu mtu mwingine. Yeye mwenyewe umemsahau. Ukitaka kumheshimu, kwanza uliza, kisha useme kweli."