Mwanamke Bandani kwa Florence

Florence alikuwa anakunja shuka za wageni simu ilipotetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Bi Barke, jirani yake wa Mwakirunge, mama mtu mzima asiyependa maneno, ila maneno ndiyo yanayompenda yeye.

"Mwanangu Florence, mimi si mtu wa kuchongea. Lakini huwa kuna mwanamke bandani kwako, jioni hizi mumeo akiwa nyumbani. Hujitanda leso yako ile nyekundu ya korosho. Si jana tu, wallahi. Mimi sijasema kitu."

Florence akakaa juu ya rundo la mataulo. Leso ile Changawa alimnunulia wiki waliyooana.

Enzi hizo walikuwa na shamba tu: minazi, mihogo, na Karembo, ndama waliyepewa na mama mkwe. Karembo alipokuja kuzaa, kila alfajiri Changawa alishika ndoo, Florence akakama huku akimwimbia ng'ombe, na wakicheka sana ndoo ikamwagika. Walikuwa hawana kitu, na walikuwa na siku nzima ya kuwa pamoja.

Kisha binti yao, Cindy, akaingia shule ya bweni, shamba peke yake likawa halitoshi. Changawa akapata zamu ya usiku kwenye yadi ya makontena Changamwe. Florence akapata kazi ya dobi katika hoteli moja Bamburi, na hata Jumapili, siku ambayo mumewe hana zamu, aliomba mwenyewe apangiwe kazi kwa ajili ya malipo ya ziada. Asubuhi alikama, akavua leso, akavaa yunifomu. Akitoka, Changawa anaingia. Walipishana langoni wakiulizana habari za majani ya ng'ombe. Maziwa ya jioni walimwachia kibarua, Chrispine.

Sasa Florence alimwambia msimamizi wake, Milcah, kwamba tumbo linamuuma. Tumbo lilikuwa zima. Moyo ndio uliokuwa unawaka.

Alipofika hakubisha hodi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachungulia bandani, na kweli, leso nyekundu. Mtu amechuchumaa ubavuni mwa Karembo, kichwa kimefunikwa, anaimba chini chini. Wimbo wenyewe ni wake Florence. Akaokota ufagio wa chelewa.

"Wewe mwanamke, simama nikuone."

Mwanamke akageuka. Alikuwa na masharubu.

"Mama Cindy," Changawa akasema polepole, mikono bado kwenye chuchu, "usipaze sauti. Atazuia maziwa."

Florence alisimama na ufagio wake hewani.

"Chrispine yuko wapi?"

"Alipigwa teke, akaenda zake. Tangu mvua zile."

"Na hiyo leso?"

"Huyu amezoea mkono wako. Mimi alininyima hata tone. Nikajifunga leso unayoivua asubuhi, ina harufu yako. Nikaimba wimbo wako. Naimba vibaya, lakini amenihurumia."

"Kwa nini hukuniambia, Baba Cindy?"

Changawa alimaliza kukama kwanza, akasogeza ndoo mbali na miguu ya ng'ombe.

"Ulisema Karembo akikataa watu, utaacha kazi. Na mimi nilikuona siku ulipofanywa mkubwa wa dobi. Hukuwa umecheka vile tangu mama afariki. Nikaona bora nipunguze usingizi."

"Unalala saa ngapi?"

"Nalala."

Macho yake yalikuwa mekundu kuliko leso. Florence akatupa ufagio.

"Nilidhani una mwanamke."

"Ninaye," alisema Changawa. "Ila simuoni."

Hapo Florence akalia. Alilia kwa aibu ya yale aliyoyawaza njia nzima, na kwa ajili ya alfajiri zile zilizokwenda bila mtu kuziaga. Changawa alimshika mabega akiwa bado na leso kichwani, wakajikuta wanacheka, na Karembo akawageukia kama mtu aliyesumbuliwa.

Bi Barke hakuweza kuvumilia. Aliita kutoka uani kwake, akamuuliza Florence kama amemuona yule mwanamke.

"Nimemuona, Bi. Ni mke mwenzangu. Tumepatana."

"Subhanallah," alisema Bi Barke, na akaingia ndani bila kuuliza la pili, jambo ambalo Mwakirunge halijawahi kutokea.

Florence alichemsha chai ya maziwa, akamwekea mumewe muhogo. Changawa alianza kumsimulia vituko vya yadini, na katikati ya kisa usingizi ukamchukua, kichwa juu ya meza. Florence alimwacha alale hadi saa ya zamu, akamtazama kwa muda mrefu. Hakukumbuka mara ya mwisho kumtazama amelala. Kisha akatoka nje taratibu na kumpigia Milcah.

"Tumbo linaendeleaje?" Milcah aliuliza.

"Limepoa. Dada, Jumapili msinipange tena."

"Wewe si ndiye uliyeziomba? Kwani Jumapili una nini?"

"Nina mume," alisema Florence.