Pumzi Kwenye Mpira wa Maji

Jua lilikuwa linazama fundi alipobisha hodi kwenye nyumba ya mwisho ya siku hiyo. Wenzake wawili walishaikimbia kazi ya nyumba hiyo, lakini yeye alikuwa mtu wa kujiamini, tena mwenye haraka ya kurudi kwa mwanawe mchanga. AC inavuja, kwani inauma?

Bibi mwenye nyumba alimpokea kwa mnong'ono.

"Karibu, mwanangu. Mjukuu wangu kalala."

Kulala gani huko? Kikohozi chake kilisikika tangu getini. Kizito, cha majimaji.

Chumbani kulinuka nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni... na kitu kingine, chini ya harufu hiyo, ambacho fundi hakutaka kukijua. Maji yalitiririka kutoka kwenye kiyoyozi, na ukungu mweusi ulikuwa umetambaa ukutani mpaka kwenye mto wa mtoto.

"Asubuhi naufuta kwa dawa," bibi alisema. "Jioni umerudi. Na kila ukirudi, umemsogelea."

"Ukungu hauna miguu, bibi. Mpira wa kutolea maji umeziba tu."

Akafungua mfuniko, akauchomoa mpira, akainama kuchukua mashine yake ya kupulizia. Bibi akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mashine itamshtua mtoto. Tumia mdomo."

Hakuna fundi wa viyoyozi ambaye hajawahi kupuliza mpira kwa mdomo. Ni uvivu, lakini kazi inakwenda. Akaufuta kwa kitambaa, akaubana midomoni, akapuliza.

Kimya.

Akapuliza tena, mpaka macho yakamtoka. Uchafu ukaachia, maji yakasikika yakimwagika nje. Akatabasamu. Lakini kabla hajautoa mpira mdomoni...

Kitu kikampulizia.

Kutoka upande wa pili. Pumzi ndefu, ya baridi, yenye ladha ya udongo. Ikamshuka kooni, ikakaa kifuani kama mgeni aliyepata kiti.

Kikohozi cha mtoto kikakatika.

Fundi akageuka. Mtoto alikuwa anapumua taratibu. Ukutani ule weusi ulififia, ukafifia, mpaka ikabaki rangi tupu. Bibi alikuwa amepiga magoti, analia.

"Nisamehe, mwanangu. Damu ni nzito kuliko maji."

"Umenifanya nini?"

"Hata sisi tuliletewa. Alikuja mgeni, akampulizia mtoto maziwa yapoe. Shika hili tu... usimpulizie mtu. Usikohoe mbele ya mtu."

Fundi alitoka mbio, akaacha hata ngazi yake. Njia nzima alifunga mdomo, akijiambia kwamba uchawi ni mambo ya watu wasio na kazi. Lakini kila alipovuta pumzi, alisikia maji yakicheza kifuani. Aliogopa, aliogopa vibaya sana. Akaapa kwamba nyumbani hataingia. Atasimama mbali, amwonyeshe mkewe kwa ishara, kisha akalale kwingine.

Mkewe alikuwa tayari uani, mtoto begani.

"Baba huyoo!"

Fundi akaziba mdomo kwa viganja viwili, akatikisa kichwa. Mtoto akacheka mpaka fizi zikaonekana. Mama naye akacheka. Mume wake kwa michezo hajambo. Akasogea. Fundi akarudi nyuma, akagonga ukuta. Akapunga mkono: rudi, rudi! Mtoto akanyoosha mikono.

"Mchukue bwana, kakusubiri kutwa nzima."

Angemsukuma mkewe, mtoto angeanguka. Hakubakiwa na njia ila kusema.

"Usimlete..."

Neno moja tu. Lakini lilitoka na kikohozi nyuma yake. Kizito, cha majimaji.

Mtoto akaacha kucheka. Akapepesa macho, kana kwamba amepulizwa usoni.

Kisha naye akakohoa.