Foleni ya Naimah

"Ulinichungulia! Wewe Siraje, ulinichungulia!"

"Wallahi sikuchungulia! Maneno yako siwezi kuisikia. Mimi naona foleni tu."

Walikuwa kwa duka ya kushona ya Naimah pale Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kati ya cherehani na magomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, ya kuning'inia. Naimah alivaa hijabu nyeusi, pini bado kwa kifua. Siraje alikuwa na shati ya kampuni, ile inaleta intaneti kutoka Kasese. Kazi yake ni kukaa mbele ya skrini. Data ya wateja inajipanga kwa mtambo kama malori kwa mpaka, na foleni ya mutu ikijaa, anaiona hapo hapo, nyekundu. Yeye ndiye anaamua nani apite.

"Wiki nzima foleni yako nyekundu, jioni jioni. Video ya kwenda Kongo, mama! Na mimi nikipiga, unakata. Nifikiri nini?"

"Kwa hiyo jana ukanirudisha nyuma."

"Nyuma ya wote! Huyo bwana yako ya Kongo aone picha imekwama."

Naimah alicheka vibaya. Walijuana hivyo hivyo: alienda kwa ofisi kugombana juu ya network, Siraje akamwambia, "Dada mzuri, wewe nitakupitisha mbele ya malori yote." Naimah akamupenda palepale.

"Ilikuwa Papa, baba yangu," alisema. "Alikuwa hospitali kule Beni, Kongo. Hakukutaka, Siraje. Wiki nzima nilimubembeleza, nikakuficha usiumie. Jana akakubali. Sheikh iko pale, mashahidi wako pale, aseme tu mbele yao kwamba amenitoa kwako, unioe."

Siraje alishika meza.

"Akafungua mdomo, picha ikasimama. Nikapiga, nikapiga. Nikasikia tu, 'Naimah, haunisikii?' Leo asubuhi kaka akanipigia. Papa amekufa."

Cherehani ya jirani ililia, ikanyamaza.

"Nilikuona," Siraje alisema, sauti kidogo. "Vile ulikuwa unajaribu tena na tena. Foleni inapanda, na mimi nafurahi."

"Najua."

"Naimah, mpenzi wangu... kaka yako pia anaweza kukutoa."

"Kaka anaweza. Mimi ndiyo siwezi."

Siraje alinyoosha mkono. Naimah akauangalia kama mkono ya mutu asiyemujua, akaushusha pole pole, karibu kwa upole.

"Enda, Siraje. Na funga mlango. Sitaki watu wanione nikilia."

Siraje alitoka, akafunga mlango.