Zulia la Bibi Yuliana

Muharami alikuwa muuza magodoro pale Musoma mjini, lakini roho yake ilikuwa kwenye mazulia. Si haya ya kiwandani. Alikusanya mazulia makuukuu ya milima ya Kaukazi, yaliyofumwa kwa mkono fundo kwa fundo, ambayo hata huko kwao yameadimika. Aliyatandika chumba cha uani, na hata mkewe Tausi aliingia humo pekupeku.

Siku moja akiwa Bunda kupeleka mzigo, alisikia kuna mjane huko Mwitongo, Butiama, anayelalia zulia la namna hiyo. Akaenda. Kweli akalikuta: jekundu lililoiva, nyota za buluu katikati. Mzungu mmoja mpima madini ndiye aliyemwachia zulia hilo Bernado, marehemu mume wa yule bibi.

"Siuzi, mwanangu," Bibi Yuliana alimwambia. "Mume wangu alikuwaga analala hapa. Na mimi nitafia hapa hapa."

Usingizi ukampaa Muharami. Akarudi tena, akamkuta bibi mgonjwa, peke yake. Binti yake Lukresia yuko shambani. Akamdanganya bibi kwamba analipeleka zulia kulifua. Bibi akashika pindo. Muharami akambandua vidole, kimoja kimoja, akamwacha kwenye saruji tupu.

Bibi hakupiga kelele. Alinong'ona tu, "Na wewe utalala chini."

Habari za msiba wa bibi zilimfikia wiki hiyo hiyo.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Akijilaza kitandani mchana, anaamka yuko sakafuni, ubavu umekufa ganzi. Godoro limekunjwa, limesimamishwa mlangoni. Akatoa jipya dukani. Likakunjwa. Akalala juu ya mazulia yake. Yakakunjwa.

"Baba Safina," Tausi alinong'ona, "nani anakuteremsha?"

Muharami akajipapasa kwapani. Alikuwa ameanza kuuhisi mkono. Wa kikongwe. Mkavu. Unamvuta kwapani, taratibu, bila haraka yoyote.

Akalipakia zulia la bibi garini, akaenda Mwitongo. Lukresia alisimama mlangoni, akimtazama anashuka nalo.

"Dada, nisamehe. Nimelirudisha."

"Mimi siye niliyelazwa kwenye simenti," Lukresia alisema. "Mpe mwenyewe."

Akamwonyesha kaburi nyuma ya nyumba. Muharami akalitandaza zulia juu ya udongo, akalinyoosha pembe zote. Upepo ulikuwa unavuma. Pindo halikutikisika.

Alirudi Musoma uso umemfunguka. Akala, akashiba, akamsimulia mkewe yote, akaingia chumba cha uani kujinyoosha kidogo.

Alasiri Tausi aligonga. Kimya. Akafungua.

Mazulia yote yalikuwa yamekunjwa, yamesimama ukutani. Muharami yuko chali, kwenye saruji. Ameshapoa. Vidole vya mikono yote vimekunjuliwa kinyumenyume. Kimoja kimoja.

Wanaume waliomwosha walimwita Tausi pembeni. Said, kaka wa marehemu, ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, ulimkuta amelala juu ya nini?"

"Chini. Kwenye simenti."

Said alitazama kando. Akamwambia kwamba mgongo wote wa marehemu umejaa alama za mafundo, na nyota, zimezama kwenye nyama, kama za mtu aliyelala siku nyingi juu ya zulia.

Tausi akapiga simu Mwitongo. "Zulia bado lipo pale kaburini?"

"Lipo," Lukresia alisema. "Nimetoka kulishika sasa hivi. Lina joto, dada. Kama kuna mtu kainuka."