Muhuri Namba Nane

Nani aliandika ile karatasi ya kwanza, hakuna aliyewahi kujua. Wangechi aliilinganisha na miandiko ya watu wote wa karakana, hata wake mwenyewe, isifanane na wowote. Ilitoka kwenye sanduku la ripoti za hatari, mlangoni mwa karakana ya propela za ndege katika Eneo la Viwanda Thika, Jumatatu asubuhi. Ilikuwa na maneno matatu: "Tuko watu wanane."

Walikuwa saba.

Labda lilikuwa onyo la mtu aliyeona jambo akaogopa kulitaja. Labda ni kitu chenyewe, kilichokuwa kikipiga hodi.

Wangechi alikuwa afisa wa usalama. Kila hatari iliyoandikwa, hata waya wa umeme uliochubuka, ilipaswa kujibiwa: iondolewe, ipunguzwe, au mkubwa atie saini kwenye mstari wa chini wa fomu, ulioandikwa "Hatari imekubaliwa." Akampelekea Njau, mwenye karakana, ile karatasi na fomu yake.

"Boss, hii tunaijibu aje?"

Njau akacheka. "Huyo ni Muriithi. Amechoka kukaa stoo."

"Nimemuuliza. Anasema si yeye."

"Wakaguzi wanakuja Jumatano, na wewe unataka wapate mzimu kwa faili? Leta hapa."

Akatia saini. Hatari imekubaliwa.

Ni rahisi kumlaumu. Lakini kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekubali hatari ndogondogo bila mtu kuumia, na mkono wake ulikuwa umezoea kutia saini kabla macho hayajamaliza kusoma.

Siku hiyo baada ya chai, Maluki wa rangi alienda kuosha vikombe, akakuta vinane vimetumika. Jumanne, harufu ya nanasi iliyokuwa ikitoka kiwanda jirani cha juisi mwaka mzima ilipotea ghafla, ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Jumatano wakaguzi walikuja, wakasifu faili. Wakiondoka, mmoja wao akauliza, "Yule fundi wenu wa chumba cha majaribio, mbona hasalimii watu?"

Chumba cha majaribio kilikuwa kimefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mulei, fundi mkuu.

Alhamisi saa saba walikuwa nje wote, wanakula githeri, waliposikia sauti wanayoijua kama wanavyojua majina yao. Spana ya kipimo hulia *tak* boliti inapofikia mkazo wake.

*Tak*, kutoka chumba cha majaribio. *Tak*.

"Nani yuko ndani?" Awiti, mwenzake Maluki, aliuliza kwa sauti ya chini.

Walijihesabu kwa macho.

Mulei akainuka, wengine wakamfuata, na kadiri walivyokaribia mlango ndivyo ile harufu ilivyozidi kuwaingia puani na kooni mpaka Maluki akafunika mdomo kwa kitambaa, na *tak* zikaendelea bila haraka, ya tano, ya sita, ya saba, kama za fundi mwenye subira anayejua kuwa anasikilizwa, na ufunguo ulipogeuka kwenye kitasa ikalia ya nane, mlango ukafunguka, na ndani hamkuwa na mtu, ila propela juu ya stendi yake ikizunguka polepole, bila upepo, bila mota, mpaka panga moja likasimama likiwaelekea.

Mulei aligusa boliti ya kwanza. Ikageuka kwa kidole tu, haijakazwa. Zote nane zilikuwa hivyo.

Kadi ya kazi ilikuwa kando, imepigwa muhuri wa kupitisha kazi, wino bado mbichi. Namba nane. Mihuri ya karakana iliishia namba saba.

Muriithi alikimbia stoo, akarudi na kadi nyingine mkononi. "Boss. Hii ni ya Jumanne. Pia ni nane."

"Propela yake iko wapi?"

"Ilienda. Iko kwa ndege ya Lodwar. Inaruka saa tisa, na watu."

"Itaruka tu," ilisema sauti ya Njau kutoka ndani ya chumba. "Nilisaini."

Njau alikuwa amesimama kati yao mlangoni, midomo ameifumba.

"Ngai," alinong'ona mwishowe. "Nikipiga simu ndege isiruke, jioni hakuna leseni. Nyinyi nyote mko nyumbani."

"Na usipopiga?" Wangechi aliuliza.

Njau akamgeukia Faki, fundi aliyetoka kisiwani Pate. "Mimi si shehe, boss, usiniangalie hivyo. Lakini bibi yangu alikuwa akisema jini hakai mpaka akaribishwe. Wewe umemkaribisha kwa kalamu."

"Basi naifuta saini."

"Haitoshi. Umemkubali akae na sisi sote. Sote tumkatae, kila mtu kwa mkono wake. Na ile propela ni kazi yake. Ikiruka, tumemkubali tena."

Wangechi akagawa fomu saba. Wakaziegemeza ukutani, wakaziegemeza mapajani, wakaandika, wakakunja, wakatumbukiza sandukuni. Kisha akalifungua, akasoma kwa sauti.

"Nakataa. Nakataa. Nakataa." Mpaka saba. Mkono wake ukabaki sandukuni.

"Nini?" Mulei aliuliza.

Akatoa karatasi ya nane. Ilikuwa na joto, na ilinuka nywele. Mwandiko ulikuwa ule wa Jumatatu.

"Nakubali," akasoma.

Kisha Mulei akasema, "Ni saba kwa mmoja. Imepita."

Ikaamuliwa hivyo: ndege isiruke, kila kazi yenye muhuri namba nane irudishwe, karakana ifungwe mpaka wenye mamlaka waje waikague. Mulei alifunga chumba cha majaribio. Wangechi aliandika ripoti, na mstari wa chini akaukata kwa wino.

Simu kwa wenye ndege aliipiga Njau mwenyewe, saa nane na dakika kumi. Alitaja jina lake, akataja la karakana. "Propela yetu si salama. Msiruke. Kosa ni langu." Na kwa kila sentensi, nyuma ya mlango uliofungwa, kitu kilijibu *tak*. Njau hakugeuka. Aliendelea kusema mpaka akamaliza.