Abee ya Nasma

Amplifaya ilikuwa haijachomekwa popote, lakini ilinukia asumini.

Zuhra aliacha maharage aliyokuwa akichambua, akainama kuinusa. "We Shamsi! Marashi yangu umeyafanyaje?"

Mumewe akacheka. Shamsi alikuwa fundi redio hapo Kasulu, mikono myepesi, subira hana. Mashine hiyo aliletewa na Constantin, kiongozi wa kwaya kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ilikuwa ya kale, ya zile zenye taa za kioo ndani, na kwa kunyeshewa, miguu ya taa hizo ilikuwa imeota kutu ya kijani. Shamsi aliikwangua kwa msasa, mguu baada ya mguu, mpaka ikang'aa. Ndipo spiriti ya kufutia ikamwishia, na nje mvua inapiga. Basi akachovya pamba kwenye marashi ya mkewe, yale aliyoletewa na shangazi yake kutoka Unguja, akafuta, akaiwasha kuijaribu, akaichomoa.

"Si spiriti tu hiyo?" alisema. "Ina maringo kidogo."

Jamani! Mtu kalelewa nyumba yenye chetezo, hajui marashi yakipata moto yanamkaribisha nani? Taa zile zikiwaka zinaunguza kama makaa. Shamsi alikuwa amemfukizia mgeni asiyemjua, tena sebuleni kwake.

Alasiri ile umeme ulikatika mtaa mzima. Zuhra alikuwa kakaa na ungo wake mapajani, midomo kaifumba, aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika ya ile mashine: "Nasma!"

Binti yao wa miaka minne alikuwa uani. Mtoto yule kafundishwa adabu hadi majirani wanaona wivu. Hujamaliza jina, keshaitika.

"Abee, mama!"

Ndani ya amplifaya taa zikawaka nyekundu, na waya wake umelala sakafuni.

Shamsi aliipeleka bandani. Ikaita kutoka bandani. Iliita mtoto akila, ikaita akioga, ikaita kwa sauti ya mama ile ile yenye upendo, na kila alipoitika ile abee yake ilimtoka nyembamba zaidi, ikakwaruza, ikawa pumzi tu, huku asumini ikizidi kunuka kwenye nguo, kwenye uji, kwenye nywele za mtoto.

"Usiitike, mwanangu," Zuhra alimnong'oneza, kamkumbatia.

"Mama, ulisema asiyeitika hana adabu."

Kweli alisema, na kofi alishampiga kwa hilo. Zuhra alilia mpaka kichwa kikamuuma.

Shehe Abdulrahmani alipoitwa, hakukaa hata kitini. "Nani aliyemwitikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto."

"Lahaula! Jini huyu hana sauti yake. Mmemkaribisha, sasa anajikusanyia za watu."

Akasoma, na Shamsi akazing'oa zile taa moja moja, zikimbabua vidole ingawa umeme haukuwepo, harufu ikiwakaba makoo, spika ikimlilia Nasma, Nasma, Nasma, mpaka ya mwisho ilipotoka na nyumba ikanyamaza. Shehe akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akaenda kuzifukia mbali. Harufu ikakatika.

"Imekwisha," Shamsi alinong'ona.

Zuhra hakuweza kungoja. "Nasma! Njoo, mama!"

Mtoto akaja mbio, anacheka. Midomo yake ililitamka lile neno, bila sauti. Abee ilitoka kwenye amplifaya tupu, nzima, nyororo kama zamani.

Constantin alikuja kuchukua mali yake. "Hodi! Fundi, mashini ya kwaya imepona?"

"Shikamoo, baba," ilimjibu sauti ya kitoto. Akamtazama Nasma, aliyekuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

Zuhra alilikumbatia lile sanduku la amplifaya kwa mikono yote miwili. "Usilichukue, kaka yangu, nakuomba. Mwanangu nitamsikia wapi?"